Keki ya Denver, Kesi ya Texas



Katika maduka ya bangi ya Denver, jimbo la Colorado, utakuta keki za chokoleti zilizotiwa kilevi cha bangi. Mteja aliyetimiza miaka 21 anaonyesha kitambulisho, analipa, anapewa risiti. Maduka hayo yalianza kuuzia watu bangi ya starehe Januari 2014, na serikali ya jimbo inakusanya kodi yake bila haya.

Sasa mteja huyo aitie keki kwenye begi, ashike barabara kwenda kumsalimia shangazi yake Dallas. Akishaingia Texas, ana kesi. Na si kesi ndogo. Ukikamatwa Texas na majani ya bangi yasiyozidi wakia mbili, karibu gramu 57, adhabu ni kifungo kisichozidi siku 180 na faini isiyozidi dola 2,000. Kilevi kilichokamuliwa kutoka kwenye majani hayo kimewekwa kundi jingine lenye adhabu kali zaidi, na huko mzigo hupimwa pamoja na kila kilichochanganywa nao. Yaani unga, sukari, mayai na chokoleti vyote vinapanda mizani. Keki ya gramu 50, ambayo kilevi chake halisi hakifiki hata gramu moja, inaweza kumfungulia mtu shtaka la kifungo cha miaka 2 hadi 20. Ni kweli mwenye kosa la kwanza mara nyingi huachiwa akatumikia adhabu nje, chini ya uangalizi. Lakini hilo halijulikani usiku wa kukamatwa.

Mkazi wa mpakani, Holili au Namanga, hawezi kushangaa sana. Kitita cha mirungi kilichonunuliwa kihalali upande wa Kenya, kikivuka huku Tanzania kinakuwa kielelezo mahakamani. Hata ndani ya Muungano wetu, Bara ina sheria yake ya dawa za kulevya na Zanzibar ina yake. Tofauti ni kwamba Marekani ina majimbo hamsini, na kati ya jimbo na jimbo hakuna geti wala askari. Kuna kibao tu cha kukukaribisha.

Hayo yote, hata hivyo, humpata hata raia. Kwa ndugu zetu walioko huko kwa kadi ya ukaazi, wakiwemo waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, adhabu nzito zaidi haisomwi na hakimu wa jimbo. Imo katika sheria ya uhamiaji, ambayo ni ya shirikisho, na shirikisho halijali jimbo limeruhusu nini. Mgeni akitiwa hatiani kwa kosa la dawa za kulevya anaweza kuondolewa nchini. Nafuu aliyoachiwa ni finyu: kosa moja tu, la bangi tu, isiyozidi gramu 30, ya matumizi yake mwenyewe. Mirungi, yaani miraa, haimo katika nafuu hiyo, na kemikali iliyomo katika majani yake mabichi iko kwenye orodha ya shirikisho. Anayemtumia mwanawe kifurushi kutoka Meru ya Kenya alijue hilo. Tena mwaka 2019 idara ya uhamiaji ilitamka kwamba hata kuajiriwa katika duka la bangi lenye leseni kunaweza kumkwamisha mtu anapoomba uraia. Nasema wazi, huo ni uonevu: shirikisho lile lile limekata kodi kwenye mshahara wake.

Mtego mkubwa uko mahakamani. Mwendesha mashtaka anakuja na ofa: kiri, lipa faini, kaa chini ya uangalizi mwaka mmoja, kisha faili lifutwe. Kwa mzaliwa wa pale ni bahati. Kwa mgeni, tangu sheria ya 1996, kule kukiri kunaweza kuhesabiwa na uhamiaji kuwa hatia hata jimbo likishafuta kila kitu.

Mtego wa kukiri ulimnasa Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, aliyekuwa ameishi Marekani zaidi ya miaka arobaini na kutumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Alikamatwa Kentucky na lori la bangi. Wakili wake akamtoa hofu: amekaa siku nyingi, uhamiaji hautamgusa. Akakiri, na hatua za kumwondoa nchini zikafuata. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba wakili wa mshtakiwa mgeni ana wajibu wa kumweleza hatari hiyo kabla hajakiri.

Kwa hiyo ukipigiwa simu na mpwa wako aliye mahabusu Houston, usianze kuuliza faini ni kiasi gani. Mwambie asikubali ofa yoyote kabla wakili hajamjibu uhamiaji utasemaje. Na aulize mapema, kwa sababu katika kesi ya jinai asiye na fedha, anayekabiliwa na kifungo, hupewa wakili na serikali. Katika mahakama ya uhamiaji, wakili ni wa kujilipia.