Setilaiti Iliyoitwa Uhuru
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Kerege)



Mimi ni mtumishi wa serikali. Kazi yangu ni mafaili. Lakini leo nitazungumza juu ya nyota. Nilipokuwa kidato cha pili, mtu mzima mmoja aliniambia kwamba elimu hiyo ni ya wenzetu wa Ulaya. Nikaamini, nikaacha fizikia. Nimechelewa kujua ukweli.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, katika Bahari ya Hindi hii hii yetu. Ikaitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei zitokazo angani, ambazo hewa huzizuia zisitufikie.

Uhuru ilionyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi hutoa eksirei. Baadaye ikathibitika kuwa zinatoka katika gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Gesi ya moto hivyo ingetawanyika upesi. Uvutano wa kundi ndio unaoizuia. Basi, kwa kupima joto lake, wataalamu hukadiria uzito wa kundi zima.

Iko njia ya pili. Tazameni taa kupitia kitako cha chupa: mwanga hupinda, na taa huonekana kama upinde. Kundi la galaksi nalo, kwa uvutano wake, hupinda mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake. Miaka ya 1980 pinde hizo zilionekana katika kundi liitwalo Abell 370. Uzito ukizidi, mwanga hupinda zaidi.

Mashahidi hawa wawili hawakukaa pamoja kupanga maneno, lakini ushahidi wao unakaribiana: kiasi cha sehemu 5 katika 6 za maada ya kundi hazionekani kwa chombo chochote. Ni kitu gani? Hadi leo hakuna ajuaye. Tena, kwa kuhesabu makundi ya zamani na ya karibuni, wataalamu hupima jinsi ulimwengu unavyotanuka.

Wadogo zetu, jina la Uhuru ni letu na bahari ni yetu, ila hesabu zilifanywa na wengine. Msiache fizikia kwa neno la mtu, kama nilivyoacha mimi. Swali lililobaki halina mwenyewe.