Damu Wakati wa Mionzi

Leo tunasoma habari ya saratani inayoota nyuma ya pua. Huwapata sana watu wa kusini ya China, nayo huandamana na virusi viitwavyo Epstein-Barr. Virusi hivyo viligunduliwa London mwaka 1964, katika uvimbe uliotoka Uganda. Msiogope: wengi wetu tunavyo tangu utoto, wala hatuna saratani.

Saratani hii hutibiwa kwa mionzi. Je, daktari atajuaje kama mionzi inafanya kazi? Mwaka 1999 Dennis Lo na wenzake wa Hong Kong walipima damu ya wagonjwa 57. Wagonjwa 55 walionekana na vipande vya virusi katika damu. Chembe ya saratani ikifa, humwaga vipande hivyo.

Sasa sikilizeni sana. Juma la kwanza la mionzi, vipande huweza kuzidi! Mgonjwa asitishike akaacha matibabu. Huenda ni chembe zinazokufa kwa wingi. Kisha hupungua nusu kila siku nne hivi. Vikibaki baada ya matibabu, daktari hutafuta saratani iliyojificha.

Andikeni swali hili: kwa nini vipande huzidi kabla ya kupungua?