Ramani ya Kompyuta na Shamba la Mkulima wa Ziwani

Leo tunazungumza na wakulima wa Mwanza, hasa ninyi mnaolima kandokando ya Ziwa Viktoria.

Siku hizi vijana huja kijijini na simu au vyombo vya kupimia, huzunguka shamba, kisha huenda zao. Baadaye shamba lako linatokea kwenye ramani ya kompyuta. Elimu hiyo huitwa mfumo wa taarifa za kijiografia. Hufundishwa hadi shahada ya uzamili katika vyuo vyetu vikuu. Je, wanajifunza nini huko? Mimi nasema misingi yake mkulima anaweza kuielewa, tena ni faida kwake kuielewa.

Msingi wa kwanza ni tabaka. Ninyi wa Usukumani mnajua kwamba ukishuka kutoka mlima wa mawe unakuta luseni, udongo wa kichanga wa mihogo na karanga. Chini yake kuna itogolo, mahali pa majaruba ya mpunga. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa kupandia dengu. Mtaalamu Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi kituo cha Amani, Tanga, aliuona mpangilio wa namna hii katika Afrika Mashariki, na mwaka 1935 akaupa jina la katena, maana yake mnyororo. Basi kompyuta nayo hupanga hivyo: ramani moja ya udongo, nyingine ya mvua, nyingine ya mipaka. Zinawekwa moja juu ya nyingine, halafu mtu anauliza: ni wapi penye itogolo na maji ya kutosha? Kazi ya namna hii ilianzishwa na Roger Tomlinson huko Kanada katika miaka ya 1960, kwa ajili ya kuhesabu ardhi ya nchi ile.

Msingi wa pili ni mahali pa kuanzia kupima. Watu wawili wakihesabu hatua kwenda kisimani, mmoja akianzia kwenye mwembe na mwingine kwenye mkuyu, hawatapata hesabu moja, ingawa wote wamehesabu sawasawa. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960. Simu na vyombo vya setilaiti hutumia msingi mwingine, WGS 84. Ukichukua vipimo vya simu ukaviweka kwenye ramani ya zamani bila kuvigeuza, shamba linahama kiasi cha meta 300!

Ndugu wakulima, hapo si mchezo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya mwambao, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kosa la meta 300 ni mara tano ya hizo 60. Bustani yako ya nyanya iliyo mbali na maji yaweza kuonekana ndani ya eneo lililokatazwa, au ndani ya ziwa lenyewe pamoja na sato!

Msingi wa tatu ni umri wa taarifa. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda sana, yakafunika mashamba na mialo. Ramani iliyochorwa maji yalipokuwa chini inaonyesha ukingo mwingine kabisa. Kompyuta haijui hilo. Ukiipa taarifa ya zamani, itakupa jibu la zamani, tena kwa rangi nzuri.

Kwa hiyo wapimaji wakija, msiwakimbie. Wapokeeni, lakini waulizeni maswali matatu. Kwanza, ramani yenu ni ya mwaka gani? Pili, vipimo vyenu na ramani yenu vinatumia msingi mmoja? Tatu, chombo chenu kinaweza kukosea meta ngapi? Simu ya kawaida hukosea meta kadhaa hata mahali peupe, na zaidi chini ya miti au karibu na majabali kama yetu ya Mwanza. Mtaalamu aliyesoma vizuri hatachukia maswali hayo. Atayafurahia.

Tena, siku ya kupima mipaka, majirani wote wawepo pamoja na wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Simameni penye mpaka, mkubaliane kwanza ninyi kwa ninyi. Kompyuta huandika mpaka, haiamui ugomvi. Kisha ombeni ramani isomwe mbele ya mkutano wa kijiji kabla haijapitishwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ramani ni daftari la ardhi. Tuhakikishe limeandikwa sawasawa.

Kwaherini, na kazi njema mashambani.