Pengo la Jino: Kabla ya Kujenga Daraja, Tazama Nguzo

Mazungumzo kuhusu afya ya meno yaliyotolewa mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapisha ili yasomwe kwa sauti katika mikutano ya vikundi.

  Najua kazi za shambani zinawangoja, kwa hivyo sitawaweka sana.

Niliombwa nizungumze juu ya kuziba mapengo ya meno. Ombi lilitoka kwenu wenyewe, maana wanachama kadhaa wameanza kuomba mkopo wa kikundi ili "waweke meno". Wengine wamesikia habari za daraja la meno, na wanauliza: Je, ni kitu kizuri? Linadumu? Mbona ni ghali hivyo? Na yule fundi wa sokoni anayeweka jino kwa nusu saa, ana ubaya gani?

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Daraja la meno ni kitu kizuri likijengwa juu ya nguzo nzima, na mtu aliyesomea kazi hiyo, katika mdomo unaosafishwa kila siku. Moja kati ya hayo likikosekana, pesa zitapotea, na meno mazima yanaweza kupotea pamoja nazo. Sasa tuyaangalie polepole.

PENGO LINAFANYA NINI?

Mtu mzima akiwa na meno yote huwa na meno 32. Hupungua kwa njia tunazozijua: kuoza, ugonjwa wa ufizi, ajali za bodaboda, kuanguka, na hata ugomvi wa nyumbani. Katika baadhi ya jamii zetu, kama Waluo na Wamaasai, wazee wengi waling'olewa meno ya mbele ya chini kwa kufuata mila. Kwa hivyo usimcheke mtu mwenye pengo. Hujui limetoka wapi.

Wengi wanafikiri ubaya wa pengo ni sura tu. Kijana anafunika mdomo kwa mkono akicheka. Msichana hataki kusimama mstari wa mbele akiimba. Hayo ni mambo ya kweli, tusiyadharau. Lakini kuna mengine ambayo kioo hakikuonyeshi. Meno husimama kwa kusaidiana. Jino moja likitoka, majirani zake huanza kuinamia pengo polepole. Na lile jino la taya ya pili, lililokuwa likikutana nalo, husogea kulifuata pengo kwa sababu halina tena cha kulizuia. Baada ya miaka kadhaa meno yamepinda, chakula kinakwama, ufizi unavimba, na jino la pili nalo linaanza kuoza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata hivyo, ndugu zangu, si kila pengo ni lazima lizibwe. Shirika la Afya Duniani hutumia meno 20 kama kipimo: mtu mzima aliye na meno yake 20 au zaidi, yanayokutana vizuri, kwa kawaida anaweza kutafuna bila meno ya bandia. Kama umepoteza gego la mwisho kabisa, unakula githeri bila shida, na daktari ameona majirani hawajasogea, basi pesa hizo lipia karo. Daktari mwaminifu atakuambia hivyo.

DARAJA LA MENO NI NINI?

Fikirieni daraja la mtoni. Kuna nguzo ng'ambo hii, kuna nguzo ng'ambo ile, na katikati kuna njia ya kupita. Daraja la meno ni vivyo hivyo. Meno mawili yaliyo kando ya pengo ndiyo nguzo. Kila moja hufunikwa kwa kofia ngumu. Katikati ya kofia hizo mbili hushikana jino la bandia, ambalo halina mzizi wowote. Vyote vitatu ni kitu kimoja, na hugandishwa kwa saruji maalum ya meno. Halitolewi usiku. Unakula nalo, unalala nalo.

Kazi hii ina asili ya kale sana. Waetruski, watu walioishi Italia zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, walikuwa wakifunga jino la bandia kwa majirani zake kwa mkanda wa dhahabu. Siku hizi madaraja hutengenezwa kwa madini, au madini yaliyofunikwa kwa kauri yenye rangi ya jino, au kauri tupu iliyo ngumu sana.

Hapa ndipo watu hushangaa bei. Mtu amepoteza jino moja, anaambiwa alipe kazi ya meno matatu. Hajaibiwa. Kofia mbili na jino la katikati, hayo ni matatu, na kila moja lina kazi yake.

LINAJENGWAJE?

Kwanza daktari hupima mdomo wote na kupiga picha ya eksirei aone mizizi na mfupa. Kama jino limeng'olewa karibuni, mara nyingi utaambiwa ungoje kama miezi mitatu, kwa maana ufizi na mfupa hunywea baada ya kung'oa. Ukijenga mapema, baadaye utaona nafasi chini ya jino la bandia.

Ukifika wakati, utadungwa sindano ya ganzi, na meno ya nguzo yatachongwa pande zote, kama milimita moja au mbili, ili kofia zipate kukaa. Sikilizeni hapa vizuri: jino likishachongwa halikui tena. Tangu siku hiyo litahitaji kofia maisha yake yote. Ndiyo sababu nasema mtu asikimbilie daraja kama anayenunua viatu.

Baada ya kuchonga, daktari huchukua chapa ya meno na kuipeleka kwa fundi wa maabara, naye hutengeneza daraja kwa maagizo ya daktari. Wewe huvalishwa kofia za muda. Baada ya wiki moja au mbili unarudi, daraja linajaribiwa, unauma karatasi ya rangi ili ionekane kama limezidi kimo, kisha linagandishwa. Kwa hivyo mtu akikuambia atakujengea daraja la kudumu nusu saa pale kibandani, jiulize chapa imechukuliwa saa ngapi, na picha ya mizizi iko wapi.

NGUZO IPI INAFAA?

Nguzo ni jino lenye mzizi mzima, lisilotikisika, lenye ufizi usiotoa damu. Jino lililooza huzibwa kwanza. Ufizi mgonjwa hutibiwa kwanza. Pengo la jino moja au mawili hufaa kwa daraja. Pengo refu la meno matatu au manne hubebesha nguzo mzigo mkubwa, nazo huweza kulegea. Mwenye kisukari kisichotulizwa, na mvutaji sigara, wana hatari zaidi ya ugonjwa wa ufizi, kwa hivyo hao waanze na matibabu hayo.

Kwa vijana ambao bado wanakua, daraja la kuchonga halifai. Taya bado linabadilika, na moyo wa jino, yaani ile sehemu laini yenye mishipa, bado ni mkubwa na unaweza kuumizwa na kuchonga. Kwa pengo moja la mbele liko daraja la mabawa, ambalo hugandishwa nyuma ya jino jirani na huchonga kidogo sana au halichongi kabisa. Kasoro yake ni kwamba huweza kubanduka, lakini jino lako limebaki zima. Mzazi aulizie hilo.

NJIA NYINGINE NI ZIPI?

Ya kwanza ni meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Haya ni ya plastiki au ya madini. Bei yake kwa kawaida ni nafuu kuliko daraja, hayahitaji kuchonga sana majirani, na huweza kuziba mapengo mengi kwa pamoja. Wazee wetu waliong'olewa meno kadhaa ya chini mara nyingi hufaidika na haya. Usiku yavue, yaoshe, uyaweke katika maji baridi. Usilale nayo, hasa yakiwa madogo, maana watu wamewahi kuyameza. Usiyatie katika maji moto, yatapinda. Unapoyaosha, weka beseni lenye maji chini yake ili yakikuponyoka yasivunjike.

Njia ya pili ni jino la kupandwa. Daktari huingiza skrubu ndogo ya titani ndani ya mfupa wa taya, mfupa huishika kwa miezi kadhaa, kisha jino huwekwa juu yake. Kazi hii ilianzishwa na Brånemark wa Sweden, aliyemtibu mgonjwa wake wa kwanza mwaka wa 1965. Ni njia nzuri na haigusi majirani, lakini gharama yake ni kubwa kwa wengi wetu.

JIHADHARINI NA MAFUNDI WA KIBANDANI

Sasa nisemee jambo linaloniuma. Kuna watu wanaozunguka sokoni wakiweka meno. Wanachanganya unga wa plastiki na maji yake, wanaubandika pengoni, na kuuganda kwenye meno jirani, wakati mwingine kwa waya. Siku ile unatoka ukitabasamu. Lakini plastiki hiyo imekaa juu ya ufizi bila nafasi ya kusafisha. Chakula kinaozea chini yake, ufizi unavimba na kutoa usaha, na majirani waliokuwa wazima wanaanza kulegea. Mtu alikuja na pengo moja, anakuja hospitali na mapengo matatu. Tena vyombo visivyochemshwa ipasavyo huweza kueneza virusi vya ukimwi na ugonjwa wa ini. Rahisi huwa ghali.

Hapa Kenya sheria inataka daktari wa meno awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na awe na leseni ya mwaka huo. Kuuliza leseni si utovu wa adabu. Ni haki yako. Maafisa wa afya ya meno walioko katika hospitali zetu wanaweza kukupima, kusafisha na kuziba, nao watakuelekeza kwa daktari anayejenga madaraja.

KULITUNZA

Daraja lenyewe haliozi, lakini nguzo zake huoza, hasa pale ukingo wa kofia unapokutana na ufizi. Likitunzwa, madaraja mengi hudumu miaka 10 na zaidi. Likiachwa, hata miaka mitatu ni mingi.

Piga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floraidi. Kila siku pitisha uzi wa meno chini ya jino la bandia. Uzi hauwezi kuingia kutoka juu kwa sababu vyote vimeungana, kwa hivyo mwambie daktari akuonyeshe jinsi ya kuupenyeza kando. Usitumie pini wala waya. Usifungue soda kwa meno. Muwa kata kwa kisu, na mahindi makavu ya kuchoma waachie wenye meno yao. Rudi ukaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Ukisikia harufu mbaya au kofia inacheza, nenda mara moja, usingoje maumivu.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mwanachama akiomba mkopo wa meno, kamati imwulize alete maandishi ya daktari: kazi gani itafanywa, meno mangapi, mara ngapi atarudi, na gharama yote pamoja na eksirei. Ni vizuri kikundi kilipe kwa awamu, kufuatana na kazi, na risiti ziwekwe. Pia mwanachama aulize hospitalini ni huduma gani inalipwa na bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka wa 2024, na ipi atalipa mwenyewe. Na kama wanachama wengi wana shida, alikeni afisa wa afya ya meno awapime wote siku moja. Kuziba tundu dogo leo ni nafuu kuliko kununua daraja kesho.

La mwisho, na mliweke moyoni. Jino la mtu mzima likig'oka kwa ajali, lishike upande wa juu, usiguse mzizi. Likiwa na uchafu, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi, bila kulisugua. Lirudishe mahali pake, au liweke katika maziwa, na mkimbie kwa daktari, ikiwezekana kabla ya saa moja kupita. Linaweza kushika tena. Jino la utoto usilirudishe. Hakuna daraja linaloshinda jino lako mwenyewe.

 Sasa niko tayari kwa maswali.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, watu hupoteza meno zaidi kwa sababu gani? Ipi tunaweza kuizuia wenyewe?

2. Mafundi wa kibandani wanapata wateja kwa sababu gani? Je, ni bei, ni umbali wa hospitali, au ni kutojua?

3. Kamati yetu itaweka masharti gani kwa mkopo wa matibabu ya meno?

4. Nani atakwenda hospitali iliyo karibu kuuliza siku za kliniki ya meno, na kutuletea habari mkutano ujao?