KUMSAFISHA MBWA NYUMBANI

Leo sitasema habari za muhogo wala za michikichi. Nitasema habari za mbwa. Najua wengine watacheka: "Je, mbwa naye aoge kama mtu?" Chekeni, lakini sikilizeni.

Mbwa hufukuza nyani na nguruwe wa mwitu shambani. Mchana hupita vichakani. Usiku hulala penye majivu ya moto, karibu na watoto. Basi kupe, viroboto na funza aliowachukua huko, amewaingiza nyumbani mwako.

Kwanza, mchane angali mkavu, mara moja kila juma. Brashi ya kufulia yatosha. Anza shingoni, fuata manyoya yanavyolala mpaka mkiani. Tazama masikioni, makwapani na katikati ya vidole. Ukiona kupe, mshike karibu sana na ngozi, mvute polepole bila kumpinda, umtupe motoni. Usimpasue kwa kucha. Ukiona funza nyayoni, mtoe kwa sindano safi, uoshe kidonda. Kisha tazama miguu ya watoto, kwa maana funza wa mbwa ndiye funza wa mtu.

Pili, maji. Usimpeleke ziwani. Mamba wako, nanyi mwajua. Tena hapo ndipo mama zetu wanapoteka maji, na kipindupindu kimewarudia watu wa Fizi na Baraka mara nyingi. Haifai kuyachafua maji ya kunywa. Mwogeshe nyuma ya nyumba, jua likiwa kali, apate kukauka kabla ya baridi ya jioni. Awe na beseni lake mwenyewe. Usiazime chombo cha jirani Mwislamu, maana mate ya mbwa kwake ni najisi.

Maji yawe ya uvuguvugu. Mimina toka shingoni kwenda nyuma. Kichwa kipanguse kwa kitambaa, maji yasiingie masikioni. Sabuni yetu ya mawese yafaa, lakini iwe kidogo, kwa kuwa sabuni yenye magadi mengi huunguza ngozi. Suuza mpaka povu liishe kabisa. Kuoga mara moja kwa mwezi kwatosha. Akioshwa kila siku, mafuta ya ngozi hutoka, naye hujikuna.

Msimpake mafuta ya taa, wala dawa ya wadudu wa shambani. Mbwa hujilamba, atakula sumu hiyo na kufa.

Akiisha kukauka, choma majani au gunia alilolalia, ufagie mahali pake. Mayai ya viroboto yako huko kuliko mwilini mwake. Ukimwosha mbwa ukaacha malazi, umefanya kazi bure.

Sasa neno kubwa kuliko yote. Sabuni haiondoi kichaa cha mbwa. Mbwa akibadilika tabia, akitoka mate, akiuma bila sababu au akishindwa kumeza, usimguse, wala usimwogeshe. Waite watoto ndani, uwape habari wakubwa wa kijiji na mganga wa mifugo. Mtu akiumwa, osha kidonda mara ile kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama ataugua, kwa maana ugonjwa ukiisha kuonekana, karibu wote hufa. Lakini sindano ya kuuzuia iko tangu mwaka 1885, Pasteur alipomchanja huko Ufaransa mtoto aliyeumwa na mbwa.

Mbwa naye huchanjwa. Hapa mtaona faida ya brashi. Mbwa aliyezoea kushikwa kila juma hutulia siku ya sindano; asiyeguswa hukimbilia porini, arudi bila chanjo kulala karibu na watoto wako.

Basi jioni ya leo kila mtu amwite mbwa wake, amshike masikio, amtazame. Anzeni hapo.