Kile kisanduku cha kuwashia gari: kosa letu, na jambo tunaloomba mwamue

Maneno ya timu ya kazi mbele ya mkutano wa wanachama, Nyangwe

 

Mwenyekiti ametuomba tueleze juu ya gari ya chama, na kwa nini ililala siku tatu bila kuwaka. Tutasema wazi. Kosa lilikuwa letu sisi wa timu. Halikuwa la shofere, wala la kijana aliyeshika nyaya.

Gari ilipofika ilikuja na funguo mbili na katoni moja. Ndani ya katoni kulikuwa na telekomande mbili, fungu la nyaya, na kisanduku cheusi kidogo kuliko kipande cha sabuni. Kazi yake ni kuwasha injini wakati shofere bado yuko mbali. Ndugu aliyetuma alikuwa na nia njema: tukiitwa usiku kwa ajili ya mgonjwa, injini iwe imekwisha kupata moto kabla shofere hajafika. Shofere alipenda. Na sisi tulipenda. Hapa kwetu wengi wameona pikipiki ya Kichina inayowashwa kwa telekomande, kijana ameketi anakunywa chai huku pikipiki inanguruma barazani. Tukasema gari ni vile vile, ila kubwa.

Kumbe si vile vile. Kwenye pikipiki, fundi anatafuta waya wa kontakte na waya wa stata, anaunganisha, imekwisha. Magari ya zamani nayo yalikuwa karibu hivyo. Lakini gari ya Ulaya ya miaka hii, ufunguo wake una chipu ndogo ndani ya plastiki, chipu isiyo na batri. Kuzunguka tundu la ufunguo kuna pete ya waya. Ukizungusha ufunguo, ile pete inaipa chipu nguvu kidogo bila kuigusa, na chipu inajibu kwa alama yake ya siri. Kompyuta ya gari inaangalia: huyu ni wetu au si wetu? Kama si wake, inakataa. Gari nyingine hata stata haizunguki. Nyingine inawaka sekunde moja au mbili, halafu inazima. Umoja wa Ulaya ulilazimisha kizuizi hicho kwa magari mapya ya abiria tangu Oktoba 1998, kwa sababu ya wizi.

Tena kuna jambo la pili. Katika gari hizi, waya mwembamba unaotoka kwenye kontakte mara nyingi haubebi umeme wa stata. Unabeba habari tu. Kompyuta za injini, za fre, za milango na za taa zinaongea kwa njia moja ya nyaya mbili inayoitwa CAN, ambayo kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliitoa mwaka 1986. Ukichomeka taa ya kupimia kwenye waya kama huo, ile taa inavuta umeme ambao waya haukuandaliwa kuubeba, na unaweza kuunguza kompyuta. Mwenye kujua anatumia mita ya umeme, na karatasi ya ramani ya nyaya za gari ile ile, siyo ya gari inayofanana nayo.

Sasa kisanduku kinapitaje kile kizuizi cha ufunguo? Kuna njia mbili. Ya kwanza: unachukua ufunguo mmoja mzima, au chipu yake, unauficha chini ya dashibodi na kuuzungushia waya, ili kila ukibonyeza telekomande gari idhani ufunguo uko mahali pake. Ya pili: kuna kifaa cha umeme kinachofundishwa alama ya gari hiyo, nacho kinataka mashine ya kusoma kompyuta. Sisi mashine hiyo hatuna. Kwa hiyo tulibaki na njia ya kwanza.

Hapo ndipo tungepaswa kusimama na kuuliza. Funguo zetu ni mbili tu. Ukiuficha mmoja ndani ya gari, umebaki na mmoja mfukoni mwa shofere, ambaye anavuka Lualaba kwa mtumbwi kila juma. Ukizama huo, tutafungua mlango kwa nini? Na mwizi akijua kwamba ufunguo mwingine unalala ndani ya gari, kile kizuizi kimebaki cha nini?

Hatukuuliza. Tulimwomba kijana wetu mmoja, hodari sana wa umeme wa pikipiki, afunge. Alifungua plastiki za usukani, akaanza kutafuta nyaya. Jioni akaona mambo hayaeleweki, akarudisha kila kitu kama alivyokikuta. Hivyo ndivyo alivyodhani. Asubuhi gari iliwaka, ikazima. Iliwaka tena, ikazima. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ndogo yenye picha ya ufunguo, inapepesa. Hakuna aliyejua maana yake. Tulibadilisha batri. Tulifungua filta ya mazutu. Tulilaumu mazutu yenyewe kwamba yana maji.

Usiku wa pili mama mmoja alishikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Muuguzi alisema aende hospitali kuu ya Kasongo. Gari ilikuwa uani, haiwaki. Walimpakia kwenye pikipiki, kati ya dereva na dada yake, na barabara ninyi mnaijua. Mungu alisaidia, walifika, mama yuko na mtoto yuko. Lakini hatuwezi kusema kwamba sisi tulisaidia.

Siku ya tatu tulipata mtandao, tukampigia ndugu mmoja aliye Ubelgiji, fundi wa magari. Tulipomwambia juu ya ile taa inayopepesa, hakuuliza kitu kingine. Alisema: angalieni plagi ya ile pete ya kwenye tundu la ufunguo. Tulifungua. Plagi ilikuwa imeingia nusu. Kijana alipoondoa plastiki ilichomoka, na aliporudisha hakuisukuma mpaka mwisho. Tuliisukuma kwa kidole kimoja. Gari ikawaka mpaka leo. Hatukununua kipande hata kimoja, lakini tulipoteza siku tatu.

Baadaye tuliuliza zaidi juu ya hicho kisanduku, jambo ambalo tungefanya mwanzoni. Yafuatayo ndiyo tuliyopata.

Gari yetu ni ya vitesi vya mkono. Kuwasha gari ya namna hiyo kutoka mbali ni hatari kama imeachwa kwenye vitesi: stata ikizunguka, gari inaruka mbele au nyuma, hakuna mtu wa kukanyaga fre. Visanduku vizuri vina utaratibu wa kuzuia hilo. Shofere anaacha injini ikiwaka, anatoa vitesi, anavuta fre ya mkono, anatoa ufunguo, anashuka, anafunga milango, halafu ndipo injini inazima. Mlango ukifunguliwa tena, kisanduku kinakataa kuwasha. Ni utaratibu mzuri. Lakini tuseme ukweli: shofere wa huku akipaki mteremkoni anaacha gari kwenye vitesi na kuweka jiwe nyuma ya tairi, kwa sababu haamini fre ya mkono. Wala hakosei. Na watoto wetu wanacheza pale pale chini ya gari, kwenye kivuli.

Tena kifaa hiki kilizaliwa kwenye baridi. Kule Kanada, mji kama Winnipeg, mtu anawasha gari kutoka jikoni ili barafu iyeyuke kwenye kioo. Ujerumani yenyewe sheria ya barabarani inakataza kuacha injini ikinguruma bila sababu, na watu wengi wenye uwezo wanafunga hita ndogo inayopasha gari joto bila kuwasha injini. Nyangwe hakuna barafu. Injini ya mazutu katika joto letu inahitaji kungoja kidogo tu ile taa ya kupasha izime, halafu inawaka. Dakika tunazopoteza usiku hazipotei kwenye injini. Zinapotea kumtafuta shofere, kutafuta mazutu, kungoja mtu wa kufungua geti. Na mazutu yanayoungua gari ikiwa imesimama ni yale yale tuliyochangia kwa ajili ya njia.

Kwa hiyo tunawaomba mkutano uamue mambo manne.

La kwanza, kisanduku kisifungwe. Kikae kwa mweka hazina mpaka ndugu aliyekituma atujibu kama tunaruhusiwa kukiuza.

La pili, funguo mbili zisilale nyumba moja. Mmoja kwa shofere, mmoja kwa muuguzi katika bahasha iliyotiwa sahihi. Na shofere akivuka mto, ufunguo wake ubaki ng'ambo hii.

La tatu, madumu mawili ya mazutu yatengwe kwa safari za wagonjwa tu, na daftari lake lionwe na wanachama kila mwezi.

La nne, na hili tunaliweka pia mbele ya wafadhili: yule kijana asifukuzwe kazini. Tumesikia wengine wakisema aliharibu gari. Hakuiharibu, tulimpa kazi ambayo hakuna aliyemfundisha. Tunaomba apelekwe kujifunza umeme wa magari, na chama kinunue mita ya umeme na kifaa kidogo cha kusoma makosa ya kompyuta. Kama tungekuwa nacho, huenda siku ya kwanza tu kingetuonyesha kwamba ufunguo hausomwi.

Na ndugu mnaotusaidia kutoka mbali, tunawashukuru kwa gari hii, inatuokoa. Neno moja tu, bila ubaya: kabla ya kutuma kifaa, tuulizeni. Nasi tunaahidi kwamba tusipojua jibu tutasema hatujui, badala ya kufungua plastiki.

Tumemaliza. Kama kuna swali, tuko hapa. Kama hakuna, mwenyekiti awaombe wanaokubali wainue mkono, jambo moja moja.