Taa ya Debe na Jua la Songea

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni, jioni ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya nishati ya jua na maendeleo, kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha serikalini. Mtaniwia radhi. Habari za nishati na maendeleo mmekwisha kuzisikia, na wengine wenu mmezisikia kwangu mimi mwenyewe katika semina, mkasinzia. Leo nataka kusema juu ya taa za jua zinazowekwa mahali pa watu wote, si kwa ajili ya kumulika njia tu, bali ili zitazamwe kama itazamwavyo sanamu au ngoma. Najua wako watakaosema huo ni mchezo wa watu walioshiba. Nami niliwahi kusema hivyo. Lakini Kamati imetuletea pendekezo la lango, na pendekezo hilo ni taa za namna hiyo hiyo, kwa hiyo hatuna budi kuzijadili.

Wenzangu wa mwaka 1998 wanakumbuka hali ya umeme. Songea wakati ule iliishi kwa mashine za dizeli, na mashine zilipougua mji mzima uliugua. Mwaka ule tuliandaa mchezo wa kuigiza juu ya Vita vya Majimaji, na wazee wa mitaa ya jirani walialikwa, wakaja wakajaza mabenchi ya mbele katika bwalo hili hili. Tulipofika mahali ambapo manduna wanaletwa kunyongwa, umeme ukakatika. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa anakaribia kuahirisha. Ndipo mmoja wetu alipotoka mbio hadi kibanda cha mlinzi, akarudi na lile debe lililotobolewa matundu ambalo mlinzi alikuwa akiwashia mkaa wakati wa baridi. Akalikung'uta majivu, akaweka chemli ndani.

Sijui niwaelezeje. Matundu yale yalirusha nuru ukutani kama mvua ya cheche, na waigizaji waliposimama mbele yake vivuli vyao vikawa virefu kufika darini. Yule kijana alipolizungusha debe polepole, ukuta wote ukatembea. Wazee walinyamaza kimya. Mchezo ulipokwisha mzee mmoja hakuuliza habari za waigizaji hata kidogo. Aliuliza nani aliyetengeneza ile taa. Tukamwambia ni debe la mlinzi. Hakusadiki, akaenda kulishika, akaungua vidole.

Wala nuru ya kutazamwa si jambo la kigeni kwa Taifa letu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha Mwenge wa Uhuru juu ya Kilimanjaro. Mwenge ule haukumulikia mtu njia ya kwenda kisimani. Uliwekwa ili watu wajue kwamba upo, na picha yake tumeiweka hata katika nembo ya Taifa.

Wenzetu wa nchi nyingine wameliendeleza jambo hili kwa kutumia jua. Katika mji wa Zadar, pwani ya Kroatia, msanifu majengo Nikola Bašić alimaliza mwaka 2008 kazi inayoitwa Salamu kwa Jua. Ni duara la vioo 300 lililolazwa chini ufukweni, lenye kipenyo cha mita 22. Chini ya vioo kuna vipande vya kukusanya umeme wa jua. Mchana watu hulikanyaga wakipita. Jua likizama linaanza kuwaka rangi kwa umeme ule ule lililoukusanya, na watoto wa mjini hucheza juu yake. Huko Uholanzi, karibu na mji wa Eindhoven, msanii Daan Roosegaarde alifungua mwezi Novemba 2014 njia ya baiskeli iliyopambwa maelfu ya vijiwe vinavyonyonya mwanga mchana na kung'aa usiku, kwa kumbukumbu ya mchoraji Van Gogh aliyepata kuishi sehemu zile. Njia ya baiskeli, ndugu zangu! Sisi wenye baiskeli nyingi katika barabara ya kwenda Peramiho hatujawahi kufikiri kwamba njia ya baiskeli yaweza kuwa picha.

Sasa naomba niungame jambo. Miaka kadhaa iliyopita, katika halmashauri moja nilikofanya kazi, ambayo sitaitaja, tulipata fedha za kutengeneza bustani ndogo ya wananchi. Tukaweka nguzo za taa za jua, na kikundi cha vijana wachoraji kikapamba ukuta, na taa za rangi zikaelekezwa kwenye michoro ile. Siku ya ufunguzi palikuwa na ngoma, hotuba na soda. Kwa muda wa mwaka mmoja bustani ile ilijaa watu kila jioni. Akina mama waliuza karanga pale, vijana walifanya mazoezi ya sarakasi na maigizo chini ya ukuta uliowaka. Masika ya pili taa zikaanza kuzimika saa tatu usiku, baadaye saa mbili, kisha zisiwake kabisa.

Ubaya wenyewe ulikuwa mdogo. Betri zilikuwa zimechoka, basi. Lakini betri zilifungiwa katika sanduku la chuma, na ufunguo wa sanduku ulikaa ofisini kwetu. Kiongozi wa wale wachoraji alikuja kuomba afunguliwe, kwa kuwa walikuwa na fundi wao na walikuwa tayari kuchanga. Nikamwambia aandike barua. Akaandika barua nzuri, kwa mkono, yenye heshima zote. Barua ile ikaingia katika jalada, na mtu aliyeandika juu yake "Ihifadhiwe" ni mimi. Fungu la matengenezo halikuwamo katika makisio, nami sikutaka kuulizwa kwa nini halikuwamo. Nilipopita pale tena, nguzo zilikuwa za kuanikia nguo, na wale vijana walikuwa wamehama na ngoma zao. Hiyo ndiyo sababu nimesimama hapa badala ya kukaa nikala wali wangu.

Nikiwa na fedheha hiyo nilianza kuuliza wengine wanafanyaje. Kule Kinyasini, Unguja, akina mama wa vijijini, wengi wao wasiosoma sana, hufundishwa kwa miezi kadhaa ufundi wa umeme wa jua, kisha hurudi kwao kufunga na kutengeneza mitambo ya majirani. Yule mama ndiye mwenye bisibisi, na taa ikizimika jioni mtu humwendea nyumbani kwake, wala haandiki barua.

Sasa nije kwenye lango letu. Kamati inapendekeza lango kubwa la chuma lenye jina la shule na majina ya wachangiaji, likimulikwa na taa za jua usiku kucha. Nimeona mchoro, na nimeona jina langu humo, nashukuru. Lakini wadogo zangu wa mchepuo wa sayansi wapige hesabu pamoja nami. Taa za lango lile zinafika wati 300. Zikiwaka saa 12 zinakula wati-saa 3,600 kwa usiku mmoja. Masika ya hapa kwetu, tangu Desemba hadi Aprili, jua laweza kujificha siku mbili, kwa hiyo betri ziwe na akiba ya wati-saa 7,200. Kwa mfumo wa volti 12 hizo ni amperi-saa 600, na kwa kuwa betri ya risasi na asidi haitakiwi kunywewa kupita nusu yake, tunahitaji amperi-saa 1,200: betri 12 kubwa za amperi-saa 100 kila moja. Betri za lithiamu huvumilia zaidi na hudumu zaidi, ila bei yake mnaijua. Baada ya miaka michache nani atanunua nyingine 12? Majina yetu yatakuwa pale pale, gizani.

Chukueni upande wa pili. Taa ya wati 10, ikiwaka tangu magharibi mpaka saa sita usiku, inakula wati-saa 60. Betri moja ya amperi-saa 20 inatosha, na paneli ya wati 30 inatosha, ikielekezwa kaskazini, maana Songea tuko karibu nyuzi 11 kusini ya Ikweta na jua la Juni hutupitia upande huo. Iinamishwe vizuri ili mvua iioshe vumbi. Mtambo wa namna hiyo darasa moja la wanafunzi laweza kuuchangia betri, na kijana wa kidato cha pili aweza kuufungua na kuufunga.

Mtaniuliza: umeme wa gridi ya Taifa ulikwisha kutufikia mwaka 2018 kutoka Makambako, jua la nini? Ni swali la haki. Penye soketi karibu mimi mwenyewe hutumia soketi. Lakini ukuta wetu wa nje, ule unaotazama barabara, hauna waya, na umeme wa TANESCO haumfundishi mwanafunzi kitu kwa kuwa haruhusiwi kuugusa.

Basi naomba Kamati ikubali ukuta ule badala ya lango. Mafundi bati wa Bombambili ambao kwa miaka mingi wametutengenezea vibatari na majiko, wafundishe vijana kukata na kutoboa bati, na picha za bati zitundikwe mbele ya taa ndogo ndogo. Picha gani? Hilo waamue wanafunzi. Mji huu hauna uhaba wa mambo ya kuchora. Tuna lizombe na kioda, tuna mganda wa ndugu zetu wa Nyasa. Kikundi kimoja cha lizombe nilichokiuliza kiliniambia wasingependa taa kali nyeupe, kwa sababu inawafanya waonekane kama wanapigwa picha za pasi. Wanataka nuru ya chini, ya kando, inayoacha vumbi lionekane likipanda miguuni. Hayo sikuyasoma katika kitabu chochote cha uhandisi.

Wako waliopendekeza twende tukawashe sanamu za mashujaa kule Makumbusho ya Majimaji, Mahenge. Nia ni njema, lakini tusiharakishe. Pale ndipo walipolala walionyongwa tarehe 27 Februari, 1906, na kila mwaka mwezi huo wanakumbukwa. Tarehe 1 Novemba, 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja pale, akakutana na wajukuu wa Nduna Songea Mbano na wa wengine, akaomba msamaha. Mahali pale pana wenyewe: wajukuu hao, na Makumbusho ya Taifa. Wakitualika, twende na bisibisi zetu. Wasipotualika, ukuta wetu unatosha.

Jambo la mwisho ni ufunguo. Naomba iandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu kwamba ufunguo wa sanduku la betri utakaa kwa kiranja wa ufundi, na nakala yake kwa fundi wa Bombambili. Usikae ofisini kwa mtu yeyote, wala kwangu.

Nimeleta kitu pale mezani, chini ya kitambaa. Ni debe la mafuta ya kupikia. Jana vijana wanne wa kidato cha pili walilitoboa kwa msumari, saa tatu nzima, na sijui wamechora nini kwa kuwa walinikataza kutazama. Ndani mna taa ya wati 3 na betri iliyokaa juani tangu asubuhi. Saa moja imekwisha kupita na nje kumeingia giza. Ndugu Mwenyekiti, kwa idhini yako, naomba taa za bwalo zizimwe.